Nataka nyekundu, njano na bluu sebuleni, mume anasema itakuwa chekechea

"Habari mtaalamu. Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Sebule ni mita 4 kwa 3.5, ina dirisha moja tu na linatazama ukuta wa jirani. Chini marumaru za krimu, sofa za kahawia, kuta zote krimu, nimechoka! Nataka nyekundu, njano na bluu zile zenyewe, sio za kupoapoa. Mume wangu anasema nyumba itakuwa kama chekechea, alafu yeye ni Yanga hataki hata kusikia habari za nyekundu. Mama mkwe anasema nyekundu inaongeza joto, kwa Dar hii tutaungua. Fundi anasema tupake kila ukuta rangi yake, na chini tuzungushe rangi ya mafuta kwasababu pale chini rangi inabanduka na kutoa unga mweupe. Mwenye nyumba karuhusu ila nikihama nirudishe krimu. Nina watoto wawili, mmoja miaka minne, mwingine mwaka na nusu. Hivi hizo rangi zinawezekana kweli kwenye kasebule kama kangu, na nianzie wapi?"

Dada yangu, zinawezekana, na usikubali mtu akurudishe kwenye krimu kwa kisingizio cha kasebule kadogo. Ila ukimfuata fundi wako kama alivyosema, mume wako atakuwa sahihi, na masika ya kwanza tu ukuta utakuumbua. Ngoja nikueleze taratibu kwanini, maana ukishaelewa kinachotokea utaweza kumwelekeza fundi yeyote bila kubishana nae.

Nianze na hilo la chekechea kwasababu mume wako kagusa kitu cha kweli, hajui tu kukitaja. Pita shule ya chekechea yoyote hapa mjini uchungulie getini, utakuta matairi yamezikwa nusu ardhini, moja jekundu, linalofuata la njano, linalofuata la bluu, alafu yanarudia tena hivyohivyo mpaka mwisho wa uwanja. Rangi zote pale zina ukubwa uleule na ukali uleule, hakuna iliyotangulia wala iliyokaa nyuma, kwahiyo jicho linaruka tu halipati pa kutua. Kwa mtoto hiyo ni raha na ndo makusudi yake. Kwa mtu mzima aliyetoka kupambana na foleni ya barabara ya Mandela anataka kukaa atulie, ni kelele. Sasa ushauri wa fundi wa kila ukuta na rangi yake ndo matairi yaleyale, kayasimamisha tu wima.

Angalia waliozifanya hizi rangi tatu kuwa kazi yao. Kuna nyumba Utrecht, Uholanzi, ilijengwa 1924, mchoraji wake ni Gerrit Rietveld ambaye alianzia useremala, na aliifanya pamoja na mama mmoja mjane, Truus Schröder, aliyekuwa na watoto watatu. Huyo mama aliishi humo mpaka alipofariki 1985, yaani ilikuwa nyumba ya watu wanapika na kulea humo. Watu wakiitaja wanasema nyumba ya nyekundu, njano na bluu, lakini ukiitazama kwa nje kuta karibu zote ni nyeupe na kijivu, rangi zenyewe zimekaa kwenye nguzo, vyuma na fremu. Kuna na kiti maarufu cha Rietveld: mgongo mwekundu, kikalio cha bluu, vijiti vya kukishikilia vyeusi, na njano ukiitafuta utaikuta kwenye zile ncha tu ambapo kijiti kimekatwa, vimraba vidogo vya kuhesabika. Zikiondolewa hizo ncha kile kiti kinapoa kabisa.

Na hapa kwetu hayo maarifa yapo siku nyingi, yamejaa kabatini kwako. Chukua khanga uliyonayo, hata ile kisutu ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo ukali wake hauna mjadala, uitandaze kitandani uiangalie kama mtu anayetaka kuinakili. Kuna pindo kuzunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna rangi moja iliyobeba nguo nzima huku nyingine zinaisindikiza. Ndo maana mtu anaivaa toka asubuhi mpaka jioni na haimchoshi yeyote. Kwahiyo ninachotaka ukishike kwenye barua yote hii ni kwamba rangi kali inataka mkubwa na inataka mpaka. Moja iwe nyingi, ya pili iwe kiasi, ya tatu kidogo sana, na kila moja ijue inaishia wapi.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwasababu sebule yako ina shida hii hasa. Rangi haikai ukutani peke yake, ni mwanga unaorudi kutoka ukutani kuja jichoni. Ukuta mwekundu unameza karibu mwanga wote unaoufikia na kurudisha sehemu ile nyekundu tu, wa njano unarudisha mwingi sana, wa bluu iliyoiva unarudisha kidogo. Dirisha lako halioni anga, linaona ukuta wa jirani, maana yake mwanga unaoingia kwako umeshagonga pale kwanza na umechukua rangi ya pale. Kama jirani kaacha tofali bila plasta utapata mwanga wa kijivu, kama kapaka kijani basi na wewe kila kitu ndani kina ukijani na hujui kwanini. Fanya hivi kesho: chukua karatasi nyeupe isiyoandikwa, isimamishe kwenye ukuta ulio mkabala na dirisha saa nne asubuhi bila taa, iangalie kwa makini kama ni nyeupe kweli au imeingia rangi, rudia saa kumi na moja jioni. Hiyo karatasi itakuambia ukweli kuliko picha zote ulizoseva kwenye simu, nyingi zimepigwa kwenye vyumba vyenye madirisha makubwa ya kuangalia anga.

Alafu kuna jioni. Mwanga ukipungua jicho linapoteza nyekundu kabla ya bluu, ndo lilivyoumbwa, hivyo ile saa ya magharibi kabla hujawasha taa au umeme ukikatika, ukuta mwekundu unaelekea kuwa mweusi wakati wa bluu bado unaonekana. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu kama chako hicho kitu kitakutokea kila siku. Na taa nazo usinunue tu kwa kuangalia wati. Geuza boksi la balbu utafute namba yenye herufi K mwishoni. Ile 6500K tunayoipenda wengi, nyeupe yenye ububluu, inaipendeza bluu lakini nyekundu inakuwa imechoka na njano inaingia ukijani kijani. Ya 3000K inawasha nyekundu na njano vizuri ila bluu inafifia. Kwa rangi zako zote tatu chukua ya 4000K, na kama boksi limeandikwa CRI au Ra tafuta inayofika 90, au angalau isishuke chini ya 80, maana hiyo ndo inasema balbu inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani.

Rangi gani iwe mkubwa basi? Najua moyo wako uko kwenye nyekundu, umeitaja ya kwanza. Lakini una sofa za kahawia na marumaru za krimu na huna mpango wa kuzibadilisha, kwahiyo hizo ni rangi tayari zimo ndani, lazima zihesabiwe. Mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa msimamizi wa rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, watu wakilalamika kuwa nyuzi nyeusi zimetiwa rangi hafifu. Alipochunguza akakuta nyuzi hazina kosa, rangi iliyokaa jirani ndo inazibadilisha machoni, na 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu hilo. Kwako inafanya kazi hivi: kahawia ni chungwa lililotiwa giza, na bluu ndo iko upande wa pili wa chungwa, ukiweka sofa ya kahawia mbele ya bluu zote mbili zinapanda, sofa inaanza kuonekana kama ngozi nzuri. Ukiiweka mbele ya nyekundu inalala, inakuwa kama tope. Njano kubwa nayo inaumiza marumaru zako, krimu ni njano dhaifu, ikikaa chini ya njano kali inaonekana chafu hata kama umepiga deki sasa hivi.

Kwahiyo bluu ndo iwe mkubwa, ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya sofa, na kama sofa inaweza kukaa mkabala na dirisha itakuwa bora zaidi maana ukuta huo ndo unapokea mwanga mwingi kuliko zote. Ukuta wenye dirisha usiupake kitu kizito, huo siku zote unaonekana mweusi kuliko ulivyo kwasababu jicho linashindana na mwanga wa dirisha. Tafuta bluu inayokaribia nili, iliyoiva ila sio ya usiku. Kuta tatu zilizobaki na dari ziwe nyeupe, na nasisitiza nyeupe, krimu iliyopo itafanya ile bluu iwe na usingizi.

Njano weka sehemu yenye ukubwa wa mlango, na inaweza kuwa mlango wenyewe upande wa ndani, au pazia, au shelfu na stuli mbili. Nyekundu iwe kidogo kabisa: foronya ya mto mmoja, fremu ya picha, kivuli cha taa. Hapo kwa mume wako nakuomba uende nae kwa upole, ile ni nyumba yake pia na mtu ana haki ya kutokaa mbele ya rangi inayomkera. Mwambie kinachosomeka Simba ni nyekundu nyingi pamoja na nyeupe, mto mmoja mwekundu kwenye bluu hausomeki hivyo. Kama bado hataki, iache. Chumba cha bluu na njano kinasimama vizuri kabisa bila nyekundu, na hujapoteza ule uchangamfu ulioutaka.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, ana sehemu ya ukweli. Rangi nzito inaongeza joto pale jua linapoigonga, ndo maana bati jeusi linachoma kuliko jeupe na ukuta wa nje wa magharibi ukiwa mweusi mtaujua mchana. Lakini ndani kwako jua halifiki kwenye huo ukuta, kwahiyo joto la chumba halibadiliki, kinachobadilika ni hisia za macho tu. Na kwa kuwa mkubwa wenu atakuwa bluu, hata hisia zitakuwa upande wake.

Nije kwenye kitu kinachonipa wasiwasi kuliko rangi zote, nao ni huo unga mweupe chini. Hiyo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya tofali, mara nyingi kwasababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu au ilitoboka, yanabeba chumvi, yakifika kwenye uso wa ukuta maji yanakauka chumvi inabaki na kuvimba, inaisukuma rangi mpaka inabanduka. Rangi ya mafuta pale haiponyi kitu. Inaziba mlango maji yaliokuwa yanatokea, nayo hayageuzi kurudi, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, mwakani mstari wa unga utakuwa umefika usawa wa mkono wa sofa, na juu ya bluu unga mweupe unaonekana toka mlangoni. Kwanza pima. Kata kipande cha nailoni safi cha upana wa daftari, kibandike kwa selotepu pande zote kwenye sehemu hiyo baada ya kukwangua, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani maji yanatoka ukutani, yakiwa upande wa nje ni unyevu wa hewa tu na dawa yake ni kufungua dirisha. Kama yanatoka ukutani, kwangua rangi yote iliyolegea, piga brashi kavu uondoe unga, usioshe kwa maji kwasababu chumvi inayeyuka na kurudi ndani, uache ukuta upumue wiki kadhaa, kisha paka rangi ya maji isiyong'aa au hata chokaa, vyote vinaruhusu unyevu utoke.

Na hapa pindo la khanga linakuokoa mara mbili. Usipake bluu kutoka kona mpaka kona. Chora mstatili wa bluu katikati ya ukuta, acha nyeupe sentimita 20 kila upande, juu 10, na chini acha pindo pana la sentimita 60 hivi. Bluu haikutani na dari ambayo kwa nyumba zetu nyingi haijanyooka, na chumvi ikirudi inarudi kwenye nyeupe, unarekebisha pale tu kwa kopo dogo. Ili mstari utoke kama umekatwa kwa wembe, fundi akishabandika masking tepu asiingie na bluu moja kwa moja. Apitishe kwanza ile nyeupe ya ukutani juu ya ukingo wa tepu, chochote kitakachopenya chini kitakuwa nyeupe kwenye nyeupe, ikikauka ndo bluu, alafu tepu ivutwe bluu bado haijakauka kabisa, kwa mshazari taratibu. Wengi wanaruka hatua hiyo, alafu mstari ukitoka na meno wanasema tepu ni feki.

Hesabu yake ni ndogo. Ukuta wa mita 4 wenye kimo cha mita 2.8, ukitoa mapindo, unabaki na kama mita za mraba 7.6, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni kama 15, na lita moja ya rangi ya maji inapaka takriban mita za mraba 10 mkono mmoja. Makopo mawili ya lita moja yanatosha na kinabaki cha kurekebishia. Kuta za fundi, kila mmoja na rangi yake, zingekula zaidi ya lita saba, na nyekundu na njano angavu zina tabia ya kutofunika, unaona ya chini kupitia ya juu, kwahiyo ungejikuta mkono wa tatu mpaka wa nne. Rangi ichanganywe dukani kwa mashine na upewe namba yake, andika hiyo namba kwenye mfuniko. Ile ya fundi kukoleza kwenye ndoo kwa macho haipatikani tena ikitakiwa kurekebisha. Na kabla ya kununua yote paka mikono miwili kwenye karatasi ya manila nzima, uhamishehamishe ukutani siku mbili tatu asubuhi na usiku. Kale kakaratasi ka dukani kanadanganya, rangi ikishakuwa ukuta mzima inazidi nguvu, kwahiyo ukisita kati ya mbili chukua iliyotulia zaidi. Msimu nao uangalie, Juni mpaka Septemba ni muda mzuri, usianze katikati ya masika.

Sasa watoto, hapa nakuomba uwe makini. Rangi za mafuta za njano na nyekundu angavu ndo kwa miaka mingi zilikuwa zinatiwa madini ya risasi ili ziwe kali na zifunike, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Wa mwaka na nusu anatafuna kila kitu. Kwahiyo stuli, shelfu na mlango vipake rangi za maji zenye alama ya TBS na maandishi kwamba hazina risasi, usinunue ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo hata kama ni nusu bei. Milango na fremu kama zina rangi ya mafuta ya zamani, msasa mkavu usipigwe ndani watoto wakiwepo, lowanisha kwanza, upige ukiwa mbichi, ufute kwa kitambaa chenye maji na ufagio ukae pembeni. Ukiona mtoto kashakula mabaki ya rangi iliyobanduka, usikae kusubiri dalili kwasababu risasi inaharibu kimyakimya, mpeleke hospitali umweleze daktari hivyohivyo ili aamue kuhusu kipimo cha damu.

Kama pesa haijakaa sawa au nailoni imeonyesha ukuta unavuta maji, usipake bluu ukutani kwa sasa. Anza na vinavyobebeka: pazia, mito, stuli mbili za kuchongesha pale Keko, na mchoro mmoja mkubwa. Ile sanaa aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga hapa Dar 1968 kwa rangi za baiskeli ina picha nyingi za mnyama mmoja juu ya rangi moja, itakupa bluu na njano kwa mkupuo na utahama nayo. Kwa uaminifu kabisa mimi kwenye nyumba ya kupanga ningeanzia hapo hata kama hela ingekuwepo, nikae na rangi miezi miwili, ndo nishike brashi.

Hilo la maji kupanda usilimalize mwenyewe na fundi rangi. Kama mstari umezidi nusu mita, au unga upo kwenye kuta za ndani ambazo hazigusani na nje, au kuna nyufa zinaongezeka, mwite fundi wa ujenzi anayeaminika au injinia aje aone msingi na bomba zote, inaweza kuwa bomba la maji limepasuka sakafuni. Piga picha umtumie mwenye nyumba mapema kabla hujaanza kazi yoyote, hiyo ni gharama yake na picha zitakulinda siku ya kuhama. Kurudisha krimu kwenyewe kusikutie presha, bluu ya mstatili mmoja inafunikwa na mkono mmoja wa andakoti nyeupe na miwili ya krimu, kazi ya siku moja. Andakoti usiiruke, bila hiyo bluu itachungulia.